Land Rover haishiki sumaku: bango lining'inize, usilibandike

Sumaku ya kwanza ilidondoka kabla sijatoa mkono. Ya pili iliteleza mlangoni taratibu ikaishia miguuni kwa dereva. Ya tatu sikuhangaika nayo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, uani kwa mzee mmoja mwenye magari hapa Moshi, na alfajiri yake msafara wa kampuni moja ya mbegu ulitakiwa uwe barabarani kwenda viwanja vya Nane Nane, Themi, Arusha. Mteja alikuwa ametuma kwa basi kutoka Dar boksi zima la mabango ya sumaku, yamechapwa vizuri, rangi imekolea, kona zimekatwa mviringo. Mbele yangu zilikuwa zimejipanga Land Rover Defender za miaka ya 90, zimeoshwa zinang'aa, na hakuna hata moja iliyokubali sumaku.

Na niliuliza mapema. Ujumbe ninao mpaka leo kwenye simu: "Kaka, magari yenyewe ni ya aina gani? Bodi ni chuma au alumini?" Ofisa masoko wa kampuni ile akanijibu, "Ni ya safari tu dada, ya kawaida." Kwake yeye gari la safari ni Land Cruiser, na Land Cruiser za safari tunazozijua bodi zake ni bati la chuma, sumaku inaganda pale kama kupe. Msimu uliotangulia alizitumia sumaku kwenye Hilux, akafurahi. Lakini huku Kaskazini Land Rover bado zipo, tena nyingi. Aliyeshuhudia tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 hahitaji kuambiwa. Kila kukiwa na maonyesho kuna mtu anazikodi kwa kazi ya matangazo, na kila mara kuna mtu anakuja na sumaku. Ndiyo maana naandika.

Sumaku inashika chuma. Alumini, faiba na plastiki haiziwezi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgawo, alumini inapatikana. Kampuni ya Rover ikaunda bodi kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, ikaiketisha juu ya chesisi ya chuma. Uamuzi uliotokana na shida ukaja kuwa sifa ya gari lenyewe, na mpaka Defender za mtindo ule zilipoacha kuundwa Solihull Januari 2016, sehemu kubwa ya bodi ilikuwa bado ni alumini. Ukipitisha sumaku pembezoni mwa mlango unaweza kuhisi inavutwa kidogo, kwa sababu fremu ya ndani ni chuma. Mvuto ule haubebi bango. Wapo wanaoutegemea, wanafika barabara kuu, na bango linaokotwa na wachunga ng'ombe.

Wala si Land Rover peke yake. Bampa za siku hizi ni plastiki. Boneti za Subaru nyingi ni alumini. Maboksi ya Canter mara nyingi ni alumini au faiba. Hata gari la chuma tupu, kama liliwahi kugongwa na fundi akajaza puti nene, sumaku haitakaa pale palipojazwa. Mimi natembea na kipande cha sumaku nikienda kuangalia gari la mkononi, na wauzaji hawakipendi hata kidogo.

Pale uani kila mtu alikuwa na wazo moja: stika. Nikamfuata mwenye magari, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Najua unachotaka kuniomba, na jibu ni hapana."

Akanyanyuka, akanipeleka kwenye gari la mwisho, akanisimamisha ubavuni, jua la jioni likipiga kwa pembeni. Mlangoni nikasoma namba ya simu, tarakimu zote kumi. Stika hakuna. Namba ilikuwa ndani ya rangi yenyewe. Duka moja la mabango lilimuuzia mkodishaji wake stika "ya kutoka", likasema inabanduliwa kwa kucha. Ikakaa juani msimu mzima. Rangi iliyokuwa wazi ikapauka, iliyofunikwa na herufi ikabaki mbichi. Siku ya kuitoa ikagoma, na kijana wa duka akaja na tambara lenye thina. Thina ilitoa gundi, na ilitoa mng'ao wa mlango pamoja nayo. Ukipitisha kidole unahisi tofauti: nje pamelainika, kwenye herufi panakwaruza.

"Tarehe 9 hizi gari zinapokea wageni wa Tarangire," mzee akasema. "Gundi haigusi."

Nilikuwa upande wake, na bado niko upande wake. Tatizo la stika kwetu ni maduka yanayouza aina moja kwa majina mawili. Mteja akitaka ya kudumu, anakatiwa ile roli. Akitaka ya kutoka, anakatiwa roli ileile, ila anaambiwa "hii ukiivuta inatoka yenyewe". Kwenye Oracal, ambayo ndiyo naiamini, 651 ni ya kudumu na 631 ni ya kutoka. Mwambie muuzaji akuonyeshe lebo ya roli kabla hajawasha plota. Akikwambia lebo ilishatupwa, ondoka dukani, hata kama umeshakaa kwenye benchi na soda umeletewa. Na hiyo 631 imetengenezwa zaidi kwa kuta na maonyesho, si kwa kukaa mlangoni mwa gari msimu mzima.

Kama rangi ya gari ni ya kiwandani na mwenyewe ameridhia, stika ya kutoka inafaa kwa siku chache. Usiibandike kwenye rangi iliyopigwa juzi gereji. Itoe mchana jua likiwa kali, au ipashe kwa draya ya nywele, vuta polepole huku umeilaza karibu na bodi, usiivute kwa kuinyanyua juu. Gundi ikibaki, mafuta ya taa kwenye kitambaa laini, halafu maji ya sabuni. Thina iache kwa fundi rangi.

Njia nyingine ni ile stika isiyo na gundi inayojishika yenyewe kwenye kioo. Nzuri sana kwa kioo, na kwa kioo tu. Chapa maandishi kinyumenyume, ibandike kwa ndani, isomeke kwa nje. Ukiiweka nje vumbi la Sanya Juu litaingia chini yake, na asubuhi ya pili hujui imeishia wapi. Usiiweke kioo cha mbele, na usiiweke juu ya tinti unayoipenda. Vikombe vya mpira vya kunyonya kioo sitavijadili. Vinaachia jua likipanda, na vikishaachia vimeachia.

Basi, turudi uani. Sumaku hazishiki, gundi imekataliwa, giza linaingia. Nilichofanya jioni ile ndicho ninachofanya mpaka leo kwa gari lolote lisiloshika sumaku: bango linavalishwa kwenye mlango, na kinachobeba uzito ni kioo chenyewe.

Hatua ziko tano. Ya kwanza, pima mlango mmojammoja. Upana chini ya kioo, kimo kutoka mstari wa kioo mpaka ukingo wa chini, mahali kilipo kitasa, mahali zilipo bawaba. Defender bawaba zake ziko nje, zinaonekana. Ziweke kwenye mchoro wako.

Ya pili, tafuta fundi anayeshona viti vya magari. Fundi wa magauni hatakusaidia hapa, hata awe hodari vipi, kwa sababu mashine yake haitoboi turubai la lori likikunjwa mara mbili. Nilimpata wangu karibu na stendi, anafunga kibanda, kofuli liko mkononi.

"Fundi, nisaidie. Nina kazi ya usiku."

"Dada, nimeshazima mashine."

Nikamtolea bango moja la sumaku, nikamweleza shida. Alilipindapinda, akaligonga kwa kucha, akalinusa kabisa. Halafu akauliza swali ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko kazi yote iliyofuata: "Kwa nini uyatupe haya? Si tuyatengenezee mfuko?"

Ndivyo ilivyokuwa. Turubai kwa nyuma, nailoni ya kung'aa kwa mbele, ile nene inayouzwa kwa mita ya kufunika meza ya chakula. Ukishona pande tatu umepata mfuko, na bango la sumaku linasukumwa ndani. Maandishi yanasomeka kupitia nailoni, na ugumu wa sumaku yenyewe unalifanya bango lisipeperuke. Uchapaji wa mteja ukapona wote. Na faida yake sijaacha kuiona: mfuko uleule kesho unabeba bango la harusi, keshokutwa la msiba, wiki ijayo la kampeni ya chanjo, bila kushona upya. Unachapa karatasi ngumu tu, unabadilisha.

Mfuko una mdomo, na mdomo lazima uangalie nyuma ya gari. Ukiangalia mbele, upepo unaingia na nailoni inavimba. Ukiangalia juu, mvua inajaa. Kwa hiyo mlango wa kushoto na wa kulia haivai nguo moja. Upande mmoja mdomo uko kulia kwako, upande wa pili uko kushoto. Mwambie fundi mapema, tena mchoree, la sivyo atakushonea yote sawasawa. Chini toboa vitundu viwili vidogo maji yatoke.

Sasa mikanda ya juu, na hapa naomba usiniruke. Kila bango lina mikanda miwili ya turubai, upana wa vidole vitatu, inayopanda kutoka ukingo wa juu wa mfuko, inapita juu ya kioo na kuingia ndani ya gari. Mwisho wa kila mkanda unakunjwa na kushonwa kama pindo la pazia, na ndani ya pindo unapitisha kipande cha bomba la PVC la mafundi umeme, lile la milimita 20, urefu wa kiganja. Unashusha kioo, unaingiza bomba ndani, unapandisha kioo. Mkanda unabanwa kati ya kioo na raba ya fremu. Bomba ni nene kuliko upenyo, kwa hiyo haliwezi kutoka. Mtu akilivuta bango kwa nje kwa nguvu zake zote, anavuta bomba dhidi ya kioo kilichofungwa. Haling'oki, na halijaigusa rangi hata kwa tone la gundi.

Mkanda wa kwanza tuliojaribu, kioo hakikufunga. Kilipanda mpaka karibu na mwisho, kikagoma, upenyo ukabaki unaopitisha kidole. Dereva akataka kulazimisha kwa mkono wa kuzungushia, nikamzuia. Fundi akaingia garini, akalala kwenye kiti akitazama juu na tochi ya simu mdomoni, akakaa kimya muda. Alipotoka alisema mshono umekaa kwenye raba. Pale pindo linapoanzia turubai linakuwa tabaka mbili, pamoja na uzi, na tabaka mbili haziingii kwenye mfereji wa kioo. Akaufumua mkanda, akaurefusha, mshono ukashuka ndani ya gari, chini kabisa ya ukingo wa kioo. Kinachopita kwenye raba kikawa ngozi moja tu ya turubai, bapa, haina uzi wala pindo. Kioo kikapanda mpaka juu na kikafunga.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Ukisahau mengine yote niliyoandika, kumbuka mshono usikae kwenye raba. Nimeona watu wakiiga mabango haya kwa kuyaangalia tu barabarani, wanaweka ringi za chuma kwenye mikanda, wanaweka velkro, na vioo vyao vinabaki nusu. Mvua ikinyesha Usa River abiria wanalowa, na lawama zinaenda kwa turubai.

Gari lenye vioo vya umeme linaweza kukushtua: kioo kikihisi kitu kinajirudisha chini. Pandisha kidogokidogo, usibonyeze mara moja mpaka mwisho. Kwa zile Land Rover za zamani zaidi zenye vioo vya kusukuma pembeni, pitisha mkanda juu ya fremu ya mlango ukiwa wazi, kisha funga mlango. Mikanda iweke upande wa nyuma wa mlango, isije ikakatiza macho ya dereva na kioo cha pembeni. Milango ya nyuma inafaa zaidi kama ipo.

Ya tatu ni sehemu ya chini: mikanda miwili inapita chini ya ukingo wa mlango, inapanda kwa ndani, inafungwa kwenye kishikio kwa mpira wa tyubu, ile wanayofungia mizigo kwenye pikipiki. Mpira unakaza bila kuchoka, na mlango unafunguka na kufungwa bango likiwa mahali pake. Ukingo wa mbele, ule unaokutana na upepo, una ulimi wa turubai unaoingizwa kati ya mlango na bodi, penye bawaba, na kubanwa mlango unapofungwa. Ukingo wa nyuma uache upumue.

Ya nne ni mgongo wa bango. Turubai likisuguana na vumbi juu ya rangi ni msasa. Tulishona flana kwa nyuma, iliyokatwa kwenye shuka kuukuu za watoto ambazo mke wa mzee alizitoa mwenyewe, na kila asubuhi mlango ulifutwa kabla bango halijavalishwa. Asiyefuta mlango asivalishe bango. Kwa hili sina subira na madereva.

Tulimaliza usiku wa manane. Fundi hakutaka kulipwa zaidi ya bei ya mchana, nikamlazimisha apokee, na namba yake naigawa kwa kila anayeniuliza.

Kutoka Moshi mpaka Arusha ni kilomita kama 80. Nilipanda gari la mwisho ili niyaone yote yaliyo mbele. Mpaka Boma Ng'ombe barabara ina nyumba na miti, upepo haukusumbua. Wasiwasi wangu ulikuwa pale karibu na njia panda ya KIA, uwanda mtupu, Agosti, upepo unakuja umelala ukiwa na vumbi. Lori lilitupita kwa kasi upande wa pili, magari yakatikisika, nikaona nailoni ya gari la mbele yangu ikivuta pumzi na kutulia. Mkanda haukusogea. Baada ya lori la pili niliacha kuhesabu malori nikaomba chai ya chupa. Trafiki alitusimamisha, akazunguka akiangalia kama tumefunika taa au namba, akabonyeza mfuko kwa kidole, akauliza umeshonwa wapi, akaturuhusu.

Ofisa masoko alitupokea getini Themi, akapiga picha, akazituma Dar akiandika kwamba sumaku zimefanya kazi vizuri. Malipo yalichelewa, na gharama ya turubai ilibishaniwa mpaka nikatuma video ya sumaku inavyodondoka mlangoni. Tangu hapo kipengele cha "gari lisiloshika sumaku" kiko kwenye bei yangu kabla ya mazungumzo kuanza.

Jioni ya tarehe 8 tulivua mabango yote kabla chai haijapoa. Mzee alizunguka kila mlango na tochi, akainama, akapitisha kiganja. Hakusema neno mpaka gari la mwisho, akaniambia Agosti ijayo nisiende kukodi kwa mtu mwingine.

Hatua ya tano ilikuwa utunzaji, nayo ni fupi: hifadhi mifuko ikiwa imelazwa, usiikunje, kwa sababu nailoni ikikunjwa inapata mistari myeupe isiyotoka, na usiiache juani na bango ndani, wino utahamia kwenye nailoni.

Boksi la Canter la faiba halina kioo cha kubana, kwa hiyo tumia kulabu za kufungia turubai zilizoko chini ya kitanda na upitishe mkanda juu ya paa mpaka upande wa pili, mabango mawili yakivutana. Kwa Bajaji, vyuma vya paa viko ndani ya turubai. Funga mfuko kwa mpira wa tyubu kuzunguka chuma, kwa kupitia upande ulio wazi wa abiria, na usitoboe turubai la mwenye Bajaji hata akikuruhusu, maana hapo patachanika mvua za kwanza tu.